Kuku Amenyonyoka Manyoya: Mshike Umtazame Kabla ya Kununua Dawa

Katika vikundi tunavyotembelea huku Magharibi, kuna swali ambalo limetufuata karibu kila mkutano: "Kuku wangu amebaki uchi, nimpe dawa gani?" Wengine hutuletea kuku mwenyewe, amefungwa miguu kwa kamba ya mgomba, akakaa chini ya meza mpaka mkutano uishe. Tunafurahi sana mtu akija na kuku kuliko akija na swali peke yake, kwa sababu swali hilo halijibiki bila kumtazama. Manyoya hutoka kwa sababu nyingi, na baadhi yake hazihitaji dawa yoyote. Na pale ambapo dawa inahitajika, mara nyingi si ya kuku bali ni ya nyumba anamolala.

Kuna kikundi kimoja cha akina mama 18, jina tunalihifadhi, ambacho kilianza mpango wa kupeana kuku. Mpango wenyewe mnaujua: mwanachama anapewa tembe wawili, wakitaga na kuangua anarudisha tembe wawili wapelekwe kwa mwenzake, na hivyo hivyo mpaka kila nyumba ifikiwe. Mizunguko miwili ya kwanza ilienda vizuri. Wa tatu ukaharibika. Kuku waliokuwa wakilalia mayai waliyaacha, mmoja siku ya 12, mwingine siku ya 15, mayai yakapoa na kuoza. Wengine walikataa kabisa kuingia ndani jioni, wakapanda juu ya mwembe, na paka mwitu akawapata huko. Waliobaki walikuwa na manyoya machache na vichwa vimepauka. Kwa vile kuku hao walikuwa wametoka kwa mama mmoja, maneno yakaanza. Ati mkono wake si mzuri. Ati alitoa kuku wagonjwa akijua. Mama huyo akaacha kuja mkutanoni, na wengine wakaanza kuuliza pesa za sanduku zigawanywe kila mtu aende zake.

Tutarudi kwa kisa hiki, maana jibu lake lilitupata sisi wenyewe pabaya. Kwanza tumshike kuku.

Manyoya yametoka wapi?

Fanya kazi hii mchana, kwenye mwanga. Kabla ya kufikiria wadudu, angalia ni sehemu gani iliyo wazi.

Kama manyoya yameanza kutoka kichwani na shingoni, yakafuata kifua na mgongo, halafu mabawa na mkia, na upande wa kulia unafanana na wa kushoto, huyo si mgonjwa. Anabadilisha nguo. Pitisha kidole kwenye ngozi: utahisi vijiti vidogo vinachomoza, na ndani yake mna unyoya mpya uliokunjwa. Ngozi ni safi, haina vidonda. Kuku kama huyo huacha kutaga, na upanga wake, yaani ile nyama nyekundu ya kichwani, hunywea kidogo. Kule nchi za baridi kuku wengi hufanya hivi pamoja siku zinapoanza kuwa fupi. Huku kwetu karibu na ikweta mchana haubadiliki sana, kwa hiyo kila kuku ana wakati wake, mara nyingi baada ya kutaga kwa muda mrefu, baada ya kulea vifaranga, au chakula kinapopungua. Anaweza kuchukua miezi 2 hadi 4 mpaka avae tena vizuri.

Tunamjua mama aliyemuuzia mchuuzi kuku wake mtagaji bora kwa nusu ya bei, akidhani ana ugonjwa wa kuambukiza. Kumbe alikuwa anabadilisha manyoya tu. Kuku kama huyo anataka chakula cha kujenga mwili, kwa sababu unyoya karibu wote ni protini. Mpe mchwa, mpe omena wale waliovunjikavunjika ambao hamuwezi kuwapika, mpe mashudu ya alizeti na mboga za majani. Mahindi matupu hayajengi unyoya.

Kama sehemu iliyo wazi ni mgongoni na nyuma ya kichwa peke yake, mlaumu jogoo. Anapompanda kuku humshika kichwa kwa mdomo na kumkwaruza mgongo kwa kucha. Jogoo mmoja anatosha majike 10 hivi. Mwenye majike 4 na majogoo 3 asishangae. Auze majogoo wawili, hiyo ndiyo dawa, tena inalipa.

Kuku anayelalia mayai hunyonyoa manyoya ya kifua mwenyewe ili ngozi iguse mayai na kuyapa joto. Hilo ni jambo la kawaida. Na kuku wa kishingo, yule wa shingo tupu, alizaliwa hivyo, na watoto wake wengi watakuwa hivyo.

Kudonoana ni jambo lingine, na huku kwetu huonekana zaidi wakati wa kupanda. Mnajua wenyewe: mvua ya Machi ikianza, kila mtu anafungia kuku wasifukue mbegu. Kuku 20 waliozoea kutembea boma zima sasa wanakaa kwenye chumba kidogo, na chakula ni konzi ya mahindi asubuhi. Wanaanza kudonoana mkiani na karibu na sehemu ya haja, na wakiona damu hawaachi. Mtoe yule aliyejeruhiwa akae peke yake mpaka apone. Wale wengine watundikie fungu la sukuma wiki au majani mabichi juu kidogo, wapate kazi ya kufanya, na maji yawepo siku nzima.

Chawa: wanaishi juu ya kuku

Sasa fungua manyoya chini ya mabawa na kuzunguka sehemu ya haja. Fungua haraka, maana chawa hukimbia mwanga. Utawaona wenye rangi ya majani makavu, bapa, wakikimbilia ndani. Chini kabisa ya unyoya, pale unapoingia kwenye ngozi, utaona mayai yao yameshikana kama punje za sukari iliyoganda. Chawa wa kuku hawafyonzi kama wa mtu. Wengi wao wanatafuna ngozi na manyoya, na kuku haachi kujidonoa. Mmoja mmoja hawaui kuku mzima. Lakini wakiwa wengi, kuku hapati usingizi, halishi vizuri na mayai yanapungua.

Habari njema ni kwamba chawa huyu maisha yake yote yako juu ya kuku. Akianguka chini hufa baada ya siku chache. Hakai kwa watu pia. Akikutambaa mkononi unapomshika kuku, mpanguse tu, hatakuzalia.

Kuku ana dawa yake mwenyewe, nayo ni kuoga vumbi. Mtengenezee bafu: chimba shimo la kina cha futi moja chini ya paa la nyumba pasipofikiwa na mvua, au tumia karai kuukuu au gurudumu la gari, ujaze mchanga mkavu uliochanganywa na jivu la kuni. Jivu liwe la kuni au makaa, si la plastiki, na liwe kavu. Jivu lililoloa linachoma ngozi. Kuku waliozidiwa unaweza kuwapaka jivu kwa mkono: mwenzako amshike miguu, wewe usugue mpaka kwenye ngozi chini ya mabawa, tumboni na sehemu ya haja, ukiepuka macho na pua. Yale manyoya yenye mayai yaliyoganda, yakate kwa mkasi uyachome. Rudia baada ya siku 10 hivi, kwa sababu mayai ya chawa hayauliwi na jivu wala unga wa dawa, na wiki inayofuata wanaangua wapya. Watu wengi hupaka mara moja, wakaona chawa wamerudi, wakasema dawa ni bure.

Wageni wa usiku

Hapa ndipo tulipokosea sote, sisi na wale akina mama.

Mchana tuliwashika kuku wa kikundi kile mmoja mmoja. Hatukuona kitu. Chawa wachache tu wa kawaida. Tukawaambia waongeze chakula, tukaenda zetu, na kuku wakazidi kuacha mayai. Baadaye mzee mmoja, mume wa mwanachama, akatuuliza, "Mmewahi kuwaona wakiwa wamelala?" Hatukuwa tumewahi. Basi tukarudi saa mbili usiku na tochi. Tukapangusa fito za kulalia kwa kitambaa cheupe, upande wa chini. Kitambaa kikatoka na mistari ya damu.

Huo ni utitiri. Ni mdogo sana, wa kijivu akiwa na njaa, mwekundu akishiba. Mchana wote hujificha kwenye nyufa za ukuta, kwenye maungio ya fito, chini ya kiota, kwenye kamba zilizofungia mbao. Usiku hutoka na kufyonza damu, na kabla ya kupambazuka umerudi mafichoni. Ndiyo maana ukimkagua kuku mchana unamkuta msafi. Kwenye joto kama letu, kutoka yai mpaka utitiri mzima unaotaga ni kama wiki moja tu. Na nyumba ikikaa tupu, utitiri unaweza kusubiri miezi mingi bila kula. Kwa hiyo yule anayesema, "Kuku wangu walikwisha, nimepumzisha nyumba miezi mitatu, sasa nanunua wengine," hajapumzisha kitu.

Fikirini kuku anayelalia mayai. Siku 21 hatoki ila kula na kunywa kidogo. Kama kiota kina utitiri, ananyonywa damu kila usiku akiwa amekaa papo hapo. Anavumilia, anavumilia, halafu anasimama anayaacha mayai. Hakuna mkono mbaya hapo. Na vifaranga wakiangua kwenye kiota kama hicho, utitiri unaweza kuwamaliza damu mpaka wafe.

Utitiri huuma watu pia. Kwa wale ambao kuku hulala jikoni, na ni wengi huku kwetu, watoto wakiamka na vipele vya kuwasha mikononi na shingoni, msikimbilie kulaumu kunguni peke yake.

Ndugu mkubwa wa utitiri kwa tabia ni papasi, kupe laini bapa mwenye rangi ya udongo, mkubwa kama punje ya dengu. Naye hujificha mchana kwenye nyufa na magome, na anaweza kukaa miaka akisubiri. Watoto wake ndio hung'ang'ania kuku kwa siku kadhaa, chini ya mabawa. Papasi huleta homa inayoua kuku. Kwa hiyo kuku wakianza kufa au kuharisha kijani, jambo hilo si la manyoya tena, na jivu halitawaokoa. Inaweza kuwa homa hiyo, au Newcastle. Muiteni afisa wa mifugo.

Kwa utitiri na papasi, dawa ni kazi, na kazi ni ya nyumba. Toa kila kitu nje: fito, viota, magunia, samadi. Nyasi za kiota zichomwe. Fito mwagia maji yanayochemka, hasa kwenye maungio, kisha zianikwe juani. Ziba nyufa za ukuta kwa udongo uliokandwa na samadi ya ng'ombe, halafu upake chokaa ukiipata. Rudia maji ya moto baada ya siku 5 hadi 7 kabla wale walioangua hawajaanza kutaga, na tena mara ya tatu. Wakati wa kurudisha fito, zisiguse ukuta. Ziweke juu ya vigingi, na sehemu ya juu ya kila kigingi uifunge kitambaa kilicholowa mafuta ya kupikia yaliyokwisha kazi. Utitiri ukipanda unanasa hapo. Fito iliyo laini, iliyotolewa magome, ina maficho machache kuliko yenye magome.

Tenga

Tulijiuliza: ulitoka wapi? Kuku wa mama yule aliyelaumiwa walikuwa na utitiri, lakini na wale wa nyumba tano nyingine ambazo hazikuwahi kupokea kuku wake. Kitu kimoja tu kilikuwa kimezunguka nyumba zote, nacho ni tenga la kubebea kuku. Tulipolipiga juu ya shuka jeupe, shuka likatembea.

Tenga lilikuwa letu. Tuliliazimisha kikundi siku tulipoleta majogoo wa kwanza, na hatukuwahi kulikagua wala kuliosha. Tuliwaomba msamaha akina mama mbele ya mkutano, na mama yule tulikwenda nyumbani kwake. Alirudi kikundini baada ya wiki kadhaa. Hakurudi haraka, na hatumlaumu.

Kwa hiyo vikundi vya kupeana kuku, tunawaomba mfanye hivi: kila kuku anayehama akaguliwe na watu wawili, mtoaji na mpokeaji, hapo hapo. Apakwe jivu, akae peke yake wiki mbili kabla ya kuchanganywa na wenzake. Abebwe kwa katoni inayochomwa baadaye, au tenga linalomwagiwa maji ya moto kila safari. Na nyumba ya mpokeaji ikaguliwe usiku kwa kitambaa cheupe kabla kuku hajaenda. Anayelalia mayai awekewe nyasi mpya na jivu chini yake, na vifaranga wakitoka tu, nyasi hizo zichomwe.

Viroboto wa usoni na miguu ya magamba

Viroboto wa kuku mtawajua haraka. Wamejipanga kuzunguka macho na kwenye upanga kama punje za wimbi zilizogandishwa, na hawaruki ukiwagusa. Wasichanganywe na ndui ya kuku, ambayo ni vidonda vigumu vya ngozi yenyewe. Ukikwaruza wimbi hilo kidogo utaona ni mdudu. Vifaranga hufa kwa viroboto hawa, kwa kuishiwa damu au kwa kutoona chakula macho yakivimba. Wapake Vaseline juu yao kabisa, wakose hewa, na kesho yake urudie. Usiwavute kwa nguvu karibu na jicho. Watoto wa kiroboto hukulia kwenye vumbi la sakafu, kwa hiyo fagia, choma takataka, na ukandike sakafu upya. Angalia na mbwa na paka, maana kiroboto huyu anakaa kwao pia.

Miguu ya magamba ni utitiri wa aina nyingine, unaochimba chini ya magamba mpaka mguu unakuwa mnene na mweupe kama umepakwa unga. Huenea polepole, kuku akachechemea, hata vidole vikakatika. Loweka miguu kwenye maji vuguvugu yenye sabuni, sugua taratibu kwa mswaki uliochakaa bila kubandua magamba, kausha, kisha upake Vaseline au mafuta ya kupikia mpaka kila ufa ujae. Mara mbili kwa wiki, kwa wiki tatu au nne. Mafuta ya taa tunayakataa, pamoja na oili chafu ya gari. Yanachoma ngozi, na tumeona miguu iliyooza kwa sababu hiyo.

Mkiamua kununua dawa

Hapa tunaomba mtusikilize vizuri. Bwana mmoja tunayemjua alichukua dawa ya kuogeshea ng'ombe, akakisia kipimo, akawachovya kuku 14. Kesho yake walikuwa 5. Wale 9 watoto wake walitaka kuwapika, na jirani ndiye aliyewazuia. Dawa ya ng'ombe si ya kuku, na dawa ya kunyunyizia mimea si ya kuku. Unga unaofungwa kwa karatasi sokoni, usio na jina, usiununue hata ukiuzwa shilingi kumi.

Nendeni agroveti mseme, "Nataka unga wa chawa na utitiri, ulioandikwa kuku kwenye kibandiko." Nyingi za siku hizi ni za jamii ya permethrin, ambayo watu waliitengeneza kwa kuiga nguvu ya pareto, ua ambalo Kenya iliwahi kuongoza dunia kwa kulilima. Someni kibandiko, na asiyejua kusoma asomewe: kipimo ni kiasi gani, na ni siku ngapi mayai na nyama visiliwe. Jifunge kitambaa puani, nyunyiza penye ngozi, nawa kwa sabuni. Vifaranga wadogo wasipakwe mpaka muulize. Kikundi kikinunua kopo moja na kugawana, afadhali mtu mmoja aliyefundishwa azunguke nyumba zote siku moja. Mkigawana kwenye vikaratasi, kibandiko kinabaki kwa mmoja tu.

Wanaotumia majani ya utupa hatuwazuii, yanaua wadudu kweli. Lakini kumbukeni babu zetu waliyatumia kuvulia samaki kwa sumu. Maji yake yasimwagwe mtoni wala karibu na kisima.

Akina mama wale 18 walimaliza kazi ya maji ya moto nyumba kwa nyumba kwa zamu, sufuria mbili kubwa, Jumamosi tatu mfululizo. Mzunguko wa nne ulianza na katoni. Tenga letu tulilichoma wenyewe uani kwa ofisi, na la pili tulilonunua linakaa juani, nalo lina daftari la nani alilichukua na nani aliliosha.